Kielelezo cha Zamani Ndani ya Chupa: Pima Kabla ya Kuongeza Spiriti

Mwezi Juni 1912 mtoto wa kike wa miaka miwili alifariki Berlin kwa nimonia iliyosababishwa na surua. Pafu lake lilitiwa kwenye fomalini (myeyusho wa kemikali ya fomaldehaidi unaozuia kuoza) na kuhifadhiwa katika hospitali ya Charité. Mwaka 2020 watafiti walisoma jenomu (seti nzima ya vinasaba) ya kirusi cha surua kutoka katika pafu hilo, wakailinganisha na nyingine, na kukadiria kwamba huenda kirusi hicho kilitengana na kile cha sotoka ya ng'ombe mnamo karne ya 6 kabla ya Kristo. Mwaka 1912 hakuna aliyejua kwamba pafu lile lingetumika hivyo.

Vielelezo vingi vya namna hii, yaani viungo na miili iliyohifadhiwa kwenye chupa, vinaharibikia kabatini, polepole, kifuniko kikivuja. Katika spiriti ya kuhifadhia, yaani etanoli ya asilimia 70, etanoli huvukia haraka kuliko maji yaliyochanganywa nayo, kwa hiyo chupa iliyopungua imepungua pia nguvu. Chini ya asilimia 50, kuvu na bakteria hupata nafasi. Kujaza kwa kukisia ndilo kosa linalotusikitisha zaidi, kwa sababu chupa huonekana imejaa na hakuna anayeirudia.

Chota kimiminika kidogo, kiache kifike nyuzi 20 za Selsiasi, kisha tumia haidromita, kifaa kinachoelea cha kupimia uzito wa kimiminika kwa ujazo wake. Etanoli ya asilimia 70 kwa ujazo ina uzito wa takriban gramu 0.886 kwa mililita. Ukikuta imedhoofika sana, usihamishie kielelezo moja kwa moja kwenye asilimia 70: maji hutoka kwenye tishu ghafla, nayo husinyaa na kujikunja. Pitia asilimia 30, halafu 50, ndipo 70, ukingoja siku kadhaa kila hatua. Kiungo kikubwa kinahitaji muda zaidi. Acha nafasi ya hewa kama sehemu ya kumi ya chupa. Spiriti hutanuka joto linapopanda, na chupa iliyojazwa pomoni husukuma kifuniko au kupasuka. Vyombo vya plastiki ya akriliki visitiwe spiriti kabisa, maana huota nyufa.

Fomalini ina adha yake. Baada ya miaka hugeuka kuwa na asidi ya fomiki, ambayo huyeyusha chokaa ya mifupa. Kijusi hulainika mifupa huku ngozi ikionekana nzima. Pima pH (kipimo cha asidi) kwa karatasi, na ikishuka badilisha kwa fomalini yenye bafa ya fosfeti, yaani chumvi inayozuia asidi kuongezeka. Mvuke wa fomalini husababisha saratani: fanyia kazi chini ya kifaa cha kufyonza hewa, ukiwa na glavu na miwani.

Ukiona chenga za njano zimeganda kwenye kifuniko, usikizungushe. Huenda ni asidi ya pikriki iliyokauka, nayo hulipuka kwa msuguano. Funga chumba, waite wataalamu wa kemikali.

Lebo mpya iandikwe kwa penseli, kwani wino wa kalamu za kawaida huyeyuka ndani ya spiriti. Ya zamani isitupwe. Mwaka 2023 ilitangazwa Berlin kwamba DNA ya fuvu lililochukuliwa enzi za ukoloni wa Kijerumani imelingana na ya mzawa wa ukoo aliye hai Tanzania. Juu ya fuvu palikuwa pameandikwa neno moja, "Akida", lililowaelekeza watafiti kwenye ukoo wa mshauri wa Mangi (chifu) Meli wa Wachagga. Piga picha maandishi yote, hata yasiyosomeka, kabla kitambaa hakijagusa kioo wala mfupa.