Dada wa kazi anakuja siku anazotaka? Kabla hujamfungia geti soma hii

Januari huku Moshi na Arusha tunaijua. Wageni wa Krismasi wamesharudi Dar, watoto wanarudi shule, na kwenye mabenchi ya ofisi za kazi wanaanza kujaa watu wa aina mbili. Kuna mama mwenye mtoto mgongoni anayesema dada aliomba siku saba aende kwao Singida, sasa ni wiki ya tatu na simu haipatikani. Na kuna binti mwenye shangazi kaja lake pembeni anayesema amerudi amekuta nafasi yake imeshapewa mtu mwingine na nguo zake ziko kwa mlinzi. Wote wana hasira, na ukiwauliza mlikubaliana nini kuhusu siku za kupumzika wote wanakaa kimya. Hapo ndipo tatizo lilipo, nyie mnalitafuta kwenye tabia ya mtu.

Kabla sijaendelea niseme hii ni elimu kwa umma, haiamui shauri la mtu yeyote, kila shauri lina mazingira yake.

Sasa kuna hii kauli ya "dada wa kazi hana sheria, ni makubaliano yetu tu ya nyumbani", naisikia mpaka kwa watu waliosoma vizuri na inachosha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imetaja wanaobaki nje yake, nao ni JWTZ, Polisi, Magereza na JKT, basi. Jikoni kwako Njiro au Pasua haimo kwenye hiyo orodha. Unamlipa, unampangia kazi, wewe ni mwajiri, na ukishakuwa mwajiri unatakiwa umpe maelezo ya ajira kwa maandishi: kazi yake ni nini, anaanza lini, masaa mangapi, mshahara kiasi gani. Kama hasomi vizuri unamsomea mpaka aelewe, na karatasi unaitunza mpaka miaka 5 baada ya yeye kuondoka. Watu wanaona haya ya kwenye makaratasi ni usumbufu, ila mkifika kwenye shauri na huna maandishi, akisema mlikubaliana Jumapili ni ofu yake basi ni juu yako wewe kuthibitisha kwamba hamkukubaliana hivyo. Mzigo uko kwako, sio kwake.

Masaa ya kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku zisizozidi 6. Kulala kwako hakumfanyi awe kazini masaa 24, ila ukimwamsha saa nane usiku achemshe maziwa ya mtoto hiyo ni kazi, na kazi ya kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5. Kila wiki anatakiwa apate mapumziko ya masaa 24 mfululizo. Mfululizo jamani. Kumruhusu aende ibada ya kwanza halafu saa nne awe amerudi kupika, hiyo sio ofu. Wengi wa hawa mabinti wanaoitwa wasumbufu hawajawahi kupata siku moja kamili toka waajiriwe, kwa hiyo wakipata upenyo wa kutoka wanautumia wote na hawarudi jioni waliyosema, na mimi hilo silishangai.

Halafu kuna kitu kimoja kizuri kwenye sheria ambacho hakuna anayekitumia. Mnaweza kukubaliana kwa maandishi kwamba badala ya siku moja kila wiki apumzike masaa 60 mfululizo kila baada ya wiki mbili. Hesabu mwenyewe, akitoka Ijumaa saa kumi na mbili jioni anatakiwa awepo Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi. Kwa binti wa Rombo au wa Karatu anayetaka kuwaona wazazi hii inamtosha kwenda na kurudi bila kukimbizana na gari la mwisho Jumapili, na wewe unajua mapema ni wikiendi gani huna mtu, unamwomba shangazi yake mtoto aje. Nimeona familia zikimaliza ugomvi wa Jumatatu kwa kipengele hiki kimoja, kimeandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, sahihi mbili na tarehe.

Ukimhitaji siku yake ya mapumziko na amekubali, unamlipa mara mbili kwa saa, na sikukuu hivyo hivyo. Namna ya kupata hiyo saa: chukua mshahara wa mwezi gawanya kwa 4.333 upate wa wiki, kisha gawanya kwa masaa yake ya wiki. Anayelipwa 150,000 kwa masaa 45 saa yake ni kama shilingi 769, kwa hiyo Jumapili ya masaa 6 ni kama 9,230. Soda na "asante mdogo wangu" havihesabiki kama malipo. Na kiwango cha chini cha mshahara msikariri kile cha Amri ya Mishahara ya 2022, amri mpya imeanza kutumika Januari 2026, ulizeni kiwango cha sasa, na angalieni anayelala kwako na asiyelala.

Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu zilizomo ndani zinahesabiwa humo humo, na pesa yake anapewa kabla hajaondoka. Hapa wanaokosea zaidi ni mabinti wenyewe. Likizo ni haki yako ndio, ila anayepanga lini uende ni mwajiri, mradi isipite miezi 6 baada ya mwaka wako wa likizo (kila miezi 12 toka uanze kazi) kuisha. Na huku kwetu ugomvi wote unaangukia Desemba, kwa sababu mwezi ambao ukoo mzima unapanda mlimani kuhesabiwa, nyumba ina watu kumi na tano na sufuria zinatoka asubuhi mpaka usiku, ndio mwezi ambao dada naye anataka kwenda kwa mama yake. Yeye pia ana kwao. Mkae mwezi wa tisa muamue, aende Novemba au aende Januari, iandikwe, nauli iwekwe mapema. Ukisubiri tarehe 20 ndio umwambie haendi, ataondoka alfajiri bila kuaga na utaanza kuulizia namba za watu wa kijijini kwao.

Kuumwa na misiba nitapita haraka. Aliyefikisha miezi 6 kazini anaweza kupata likizo ya ugonjwa hadi siku 126 ndani ya miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu, akileta cheti cha daktari. Akifiwa na mzazi, mwenza, mtoto, ndugu wa tumbo moja, bibi, babu au mjukuu, au mtoto wake akiumwa, kuna siku 4 za malipo. Kama una mashaka kwamba bibi huyu ameshazikwa mwaka jana, unaruhusiwa kuomba uthibitisho wa maana, barua ya mwenyekiti wa kijiji inatosha. Huruhusiwi kumtukana marehemu wa watu.

Sasa akikosa kuja bila ruhusa. Siku ambayo hakufanya kazi unaweza usimlipe, ni siku moja na hesabu yake inajulikana, kwa huyo wa 150,000 anayefanya siku 6 ni kama 5,770. Kumkata 20,000 "ili ajifunze" ni faini na huna mamlaka hayo. Mara ya kwanza muonye kwa mdomo, ikijirudia andika onyo, asaini. Kutokuwepo zaidi ya siku 5 za kazi bila ruhusa wala sababu inayokubalika, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali (GN) namba 42, zinalihesabu kuwa kosa kubwa linaloweza kumwachisha mtu kazi, ila hata hapo lazima asikilizwe. Mtumie ujumbe, piga kwa wazazi au kwa aliyekuletea, tunza hizo meseji usizifute. Akipatikana mpe taarifa ya kikao angalau masaa 48 kabla, mwambie anatuhumiwa nini, anaruhusiwa kuja na mtu wa kumsaidia. Kikao sio mahakama, sebuleni panatosha, ila kiandikwe. Asipotokea baada ya kujulishwa kiendelee, na andika kwamba hakutokea.

Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28 kwa maandishi na sababu iandikwe, ndani ya mwezi wa kwanza ni siku 7. Hii inawabana wote. Dada akiamua kuondoka ghafla bila kutumikia notisi mwajiri anaweza kukata kiasi hicho kwenye anachomdai, na nyie mabinti mnaoacha mtoto wa miaka miwili kwa jirani mkapanda bodaboda kwenda stendi, mjue hilo. Ukimwachisha wewe, utamlipa mshahara wa siku alizofanya, notisi, likizo ambayo hakwenda kwa hesabu ya siku moja kwa kila siku 13 za kazi, na kama alimaliza mwaka na hakuachishwa kwa kosa la nidhamu, kiinua mgongo cha siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10. Cheti cha utumishi pia, na hakihitaji kuandikwa sifa mbaya.

Aliye chini ya miezi 6 hawezi kudai kuachishwa isivyo halali, lakini notisi na mshahara wake viko pale pale. Aliyevuka hapo ana siku 30 toka alipoachishwa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, kujaza fomu namba 1. Madai mengine kama mshahara ni siku 60. Tume ipo Arusha na ipo Moshi, kufungua shauri hakulipiwi, na unaanza kwa usuluhishi kabla ya kitu kingine chochote. Mwajiri ukiitwa nenda, usimtume dereva. Beba karatasi ya makubaliano, ushahidi wa malipo hata kama ni meseji za M-Pesa, na barua za onyo zenye tarehe. Na wewe binti beba meseji zako na jina la jirani aliyekuona ukifanya kazi hapo.