Kasi ya Shata na Picha za Maji: Dhana Potofu na Ukweli

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tukipanda kwenda kwenye poromoko la Materuni, mteja mmoja aliniuliza hata kabla hatujaimaliza migomba: "Mwalimu, leo tunaweka sekunde kumi au thelathini?" Alikuwa hajayaona maji, hajui kama ni mengi au machache, wala hajajua atasimama wapi, lakini tayari alikuwa na jibu mfukoni la shata, yaani kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga kwa muda unaouchagua. Swali hilo nimelisikia kwa kila namna katika miaka yote ninayofundisha na kukodisha vifaa vya picha hapa Moshi, na nimeona ni heri nilijibu kwa maandishi.

Dhana: Kadiri shata inavyokuwa ya polepole, ndivyo picha ya maji inavyokuwa nzuri.

Ukweli ni kwamba shata haichaguliwi kwa sifa ya upole wake, bali kwa umbali ambao maji yatasafiri ndani ya picha wakati shata iko wazi. Maji yaliyoanguka mita 5 huwa na kasi inayokaribia mita 10 kwa sekunde. Kwa 1/1000 ya sekunde tone husogea sentimita 1 tu. Kwa 1/60 husogea takriban sentimita 17. Kwa robo sekunde husogea mita 2 na nusu. Na kwa sekunde 2 maji yamekwisha kupita mita 20, yaani yameingia juu ya picha na kutoka chini yake kabla shata haijafunga. Sasa chukua mfereji wa asili unaopita kwenye shamba la kahawa, ambao maji yake huenda nusu mita kwa sekunde. Robo sekunde ileile huyasogeza sentimita 12 au 13, na picha ikitoka unaona mikunjo michache tu ya maji, ilhali sekunde 2 huyasogeza mita 1 na kuchora mistari mirefu laini inayoonyesha mkondo unavyozunguka mawe. Namba moja, maji mawili, picha mbili zisizofanana hata kidogo. Mtu anayekariri sekunde bila kuangalia maji ni sawa na mpishi anayekariri dakika bila kuuliza moto ni wa mkaa au wa kuni.

Kinachopotea katika shata ndefu kupita kiasi ni umbo. Poromoko si pazia moja. Ni nyuzi nyingi, nyingine nene, nyingine nyembamba, zinazogonga vidaraja vya mwamba na kuruka kila moja kwa njia yake. Kwa 1/8 hadi nusu sekunde, kila uzi huacha alama yake na jicho huweza kuufuata kutoka juu hadi bwawani. Ukiacha shata wazi sekunde 10, kila nukta ya picha hupokea povu, kisha nafasi iliyo kati ya povu, kisha povu tena, mara nyingi sana, hadi wastani wake unalingana na wa jirani yake. Hapo ndipo unapopata ule weupe mmoja ambao wateja wangu huuita maji ya maziwa, na ambao kwa kweli ungeweza kuwa shuka iliyoanikwa mwambani. Wakati wa masika hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu mito yetu hubeba udongo na wingi wa maji hufuta nyuzi zote. Basi mimi huenda kinyume kabisa, natumia 1/30 au hata 1/250, ili nguvu ya maji ionekane.

Mfano ulioniuma zaidi ni wa maharusi walioniletea picha walizopigwa chini ya poromoko, wakiniomba nizitengeneze. Aliyewapiga alitumia sekunde 2. Maji yalikuwa meupe na laini kama walivyoahidiwa, lakini maji yanayoanguka husukuma hewa, na upepo huo ulikuwa umeinua shela ya bibi harusi muda wote ambao shata ilikuwa wazi. Shela ilikuwa imegeuka ukungu uliofunika nusu ya uso wake, na mkono wa bwana harusi uliokuwa begani kwake ulikuwa na vidole ambavyo huwezi kuvihesabu. Hakuna programu ya kompyuta inayoweza kurudisha uso ambao haukurekodiwa. Kazi ile ingeweza kufanyika kwa fremu mbili bila kuisogeza tripodi (stendi ya miguu mitatu): moja ya 1/125 kwa ajili ya watu, nyingine ya robo sekunde kwa ajili ya maji, kisha zikaunganishwa mezani. Nasisitiza jambo hili kwa sababu siku ya harusi hairudiwi, na anayelipwa kuipiga anapaswa kulijua.

Kuna mahali ambapo sekunde 30 zina haki yake. Ukiwa ukingoni mwa Ziwa Chala au Ziwa Duluti, na upepo umeleta viwimbi vidogo vinavyovuruga taswira ya miti majini, shata ndefu huvisawazisha na uso wa ziwa hutulia. Pale hakuna nyuzi za kupoteza. Hilo ndilo linalopaswa kuamua, yaani kama maji yale yana umbo unalotaka libaki au halina.

Dhana: Kwa 1/500 matone yote huganda.

Inategemea umesimama wapi. Tuseme kamera yako ina pikseli (nukta za picha) 24 milioni, nawe umeisimamisha wima ili urefu wa picha, wenye pikseli 6,000, ufunike mita 30 za poromoko. Hata kwa 1/1000, iliyo fupi kuliko 1/500, tone husogea sentimita 1; hapo litavuka pikseli 2, na hakuna atakayeona. Ukisogea au ukavuta kwa lenzi ndefu hadi picha ifunike mita 3 tu, sentimita ileile huwa pikseli 20, na tone huwa kijistari. Kwa hiyo 1/1000 inayotosha kwa mbali haitoshi kwa karibu. Pale nenda 1/4000 na upandishe ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) bila woga. Maji yanayokuja kuelekea kwenye lenzi huvumilia shata ya polepole kuliko yanayokatiza picha, jambo ambalo wengi huligundua kwa bahati tu.

Dhana: Bila filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) huwezi kupiga maji laini.

Filta ya kwanza kununua ni polaraiza, ile inayozungushwa mbele ya lenzi ili kukata mng'ao, na ushauri huu sitaacha kuurudia. Katika korongo lenye kivuli au siku ya mawingu mazito, kwa ISO 100 na f/11 (kipimo cha tundu la lenzi; namba ikiwa kubwa tundu ni dogo), kamera mara nyingi hukupa takriban 1/8 ya sekunde bila filta yoyote. Polaraiza hupunguza mwanga kwa stopu moja na nusu hadi mbili (kila stopu hukata mwanga kwa nusu), na tayari umefika theluthi au nusu ya sekunde. Zaidi ya hapo, izungushe taratibu ukiangalia mwamba uliolowa: ile ngozi nyeupe ya mng'ao hutoweka, weusi wa jiwe na kijani cha kuvumwani hurudi, na changarawe iliyo chini ya maji huonekana. Kazi hiyo hakuna ND inayoweza kuifanya, wala kompyuta. ND64, ambayo hupunguza stopu 6, ina maana jua linapokuwa kali, kwa sababu huigeuza 1/250 kuwa robo sekunde. ND1000, iliyo nyeusi zaidi, iache hadi utakapokwenda ziwani.

Dhana: Kama huna filta, funga lenzi hadi f/22.

Usifanye hivyo. Mwanga ukipita kwenye tundu dogo sana hutawanyika, na picha nzima hupoteza ukali, ukiwamo mwamba ambao ulipaswa kuwa imara nyuma ya maji laini. Baki kati ya f/8 na f/11.

Dhana: Weupe wa maji huungua kwa sababu ya shata ndefu.

Huungua, yaani hubaki nyeupe tupu bila alama yoyote, kwa sababu kipima mwanga cha kamera kimedanganywa na mwamba mweusi unaozunguka maji, kikaongeza mwanga usiohitajika. Punguza kati ya theluthi mbili ya stopu na stopu moja, kisha angalia histogramu (grafu ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga) wala si picha kwenye kioo, maana kioo ndani ya korongo lenye giza huonekana king'avu kuliko picha ilivyo.

Dhana: Tripodi ya bei kubwa humaliza tatizo la mtikisiko.

Tripodi yoyote iliyosimamishwa ndani ya mkondo hutikiswa na maji. Weka miguu juu ya jiwe, usiinue nguzo ya katikati, zima kitulizi cha lenzi, na utumie kipima muda cha sekunde 2 badala ya kubonyeza kwa kidole. Begi likining'inizwa chini yake liguse ardhi, vinginevyo litabembea na kuwa chanzo kipya cha mtikisiko.

Dhana: Simu haiwezi kazi hii.

Inaweza, ila uchaguzi wake ni mdogo. Kwa mfano, iPhone hutengeneza athari ya shata ndefu kutokana na Live Photo, yaani picha yake yenye mwendo, ambayo hukusanya takriban sekunde 3, na huwezi kuziamuru ziwe nusu sekunde. Kwa hesabu tuliyoiona, sekunde 3 ni nyingi mno kwa poromoko, lakini kwenye mfereji wa nusu mita kwa sekunde ni mita 1 na nusu tu za mwendo. Ndiyo maana wateja wenye simu huwa nawasimamisha kwanza kwenye mfereji tulioupita njiani, simu ikiwa imeegemezwa kwenye jiwe, kabla hatujafika kwenye poromoko lenyewe.