Je, wajua kwa nini Melvin Van Peebles alilazimika kuwa mwandishi wa Kifaransa ili apate kuongoza filamu?

Mwaka 1967 tamasha la filamu la San Francisco lilipokea mgeni aliyekuja na filamu ya Ufaransa. Jina lake, Melvin Van Peebles, lilikuwa na harufu ya Uholanzi, na filamu yake ilikuwa imepigwa Ufaransa kwa msaada wa fedha za huko. Waliotazamia kumpokea Mzungu kutoka Ulaya walijikuta mbele ya Mmarekani Mweusi, mzaliwa wa Chicago, ambaye miaka kumi hivi kabla ya hapo alikuwa mwendeshaji wa tramu katika mji huohuo wa San Francisco.

Ilikuwaje mtu avuke bahari na kujifunza lugha ngeni ukubwani, ili hatimaye filamu yake ionyeshwe katika mji ambao alikuwa ameuzunguka kila siku akiwa kazini? Jibu fupi ni kwamba Ufaransa ilikuwa na kanuni iliyomruhusu mwandishi kuongoza filamu, na Marekani haikuwa na kanuni yoyote iliyomruhusu mtu Mweusi. Jibu refu linahitaji kusimuliwa, kwa kuwa ndani yake ndimo inamoonekana tabia iliyomfanya awe miongoni mwa waongozaji wachokozi kuliko wote waliowahi kutokea nchini mwake. Wengi humkumbuka kwa kelele alizozusha. Mimi naona kipaji chake kikubwa kilikuwa kingine kabisa, nacho ni kuisoma kanuni mpaka mstari wa mwisho na kuugundua mwanya ambao walioitunga hawakuuona.

Alizaliwa tarehe 21 Agosti 1932, akasomea fasihi katika Chuo Kikuu cha Ohio Wesleyan na kuhitimu mwaka 1953, kisha akaingia Jeshi la Anga, ambako kazi yake ilikuwa kuongoza njia katika ndege za kudondosha mabomu. Alipotoka jeshini alijaribu maisha Mexico kwa muda, akachora picha za watu, halafu akatua San Francisco. Tramu za mji ule huvutwa na kebo ipitayo chini ya barabara, na mwendeshaji husimama akiwa ameshika mtaimbo mrefu ambao huibana kebo ili gari lipande mlima, au huiachia ili gari lisimame. Ni kazi ya mikono na mabega. Mwaka 1957 alichapisha kitabu kidogo chenye picha kuhusu tramu hizo na watu wake. Abiria mmoja akamwambia kwamba kitabu chake kilikuwa kama sinema, naye akalichukua neno lile kama lilivyo, akaanza kutengeneza filamu.

Hakuwa anajua lolote. Alipenda kusimulia kwamba alidhani anatengeneza filamu ndefu, na alipomaliza kuikata akakuta ina dakika 11 tu. Alikusanya filamu zake fupi akaenda nazo Hollywood kuomba kazi, na huko akaambulia ahadi ya kuwa mwendeshaji wa lifti. Ikumbukwe kwamba hiyo ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na hapakuwa na studio kubwa hata moja iliyowahi kumkabidhi mtu Mweusi filamu aiongoze. Aliyekuwa wa kwanza kupewa nafasi hiyo ni Gordon Parks, mwaka 1969.

Van Peebles hakungoja. Alihamia Uholanzi kusomea elimu ya nyota na sayari, na huko ndiko alikojiongezea neno "Van" katika jina lake, kwa kuwa alizaliwa akiwa Peebles tupu. Wakati huo filamu zake fupi zilikuwa zimefika mikononi mwa wahifadhi wa sinema wa Paris, akina Henri Langlois, waliomwita azionyeshe. Alikwenda, akashangiliwa, kisha watazamaji wakaenda zao na yeye akabaki katika mji asiojua lugha yake, mfukoni hana kitu.

Aliishi kwa kubangaiza, akajifunza Kifaransa mitaani, akaanza kuandika kwenye magazeti, likiwemo gazeti la vichekesho la Hara-Kiri. Hapo ndipo alipokutana na kanuni iliyobadilisha maisha yake: mwandishi aliyechapisha vitabu kwa Kifaransa aliweza kuomba kadi ya uongozaji ili aitengeneze filamu kazi yake mwenyewe. Kwa mtu mwingine huo ungekuwa ukuta, kwa maana Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza. Yeye aliona ngazi. Akaandika riwaya kwa Kifaransa, moja baada ya nyingine, mpaka akastahili kadi. Filamu iliyotokana na juhudi hizo, La Permission, inamhusu mwanajeshi Mweusi wa Marekani aliyepewa likizo ya siku tatu na kuitumia pamoja na msichana wa Kifaransa. Ndiyo iliyompeleka San Francisco.

Kurejea kwake kulikuwa kama fedheha iliyovikwa maua, kwani Mmarekani Mweusi alikuwa amelazimika kuingia nchini kwake akiwa Mfaransa ili kipaji chake kitambuliwe. Hollywood, ambayo tayari ilikuwa ikinyooshewa kidole, ikamfungulia mlango. Studio ya Columbia ilimpa filamu ya kuchekesha iliyotoka mwaka 1970, Watermelon Man, inayomhusu wakala wa bima, Mzungu mbaguzi, anayeamka asubuhi akajikuta amegeuka mtu Mweusi. Studio ilitaka mwigizaji Mzungu apakwe rangi nyeusi. Van Peebles alilipindua wazo hilo, akamchukua Godfrey Cambridge, mchekeshaji Mweusi, akampaka rangi nyeupe kwa ajili ya dakika za mwanzo. Studio ilitaka pia mwisho ambao mhusika anazinduka na kukuta yote yalikuwa ndoto. Wakakubaliana apige miisho miwili kisha ichaguliwe mmoja. Alipiga ule alioutaka, na ule mwingine, kwa maneno yake mwenyewe, "aliusahau".

Columbia ikawa tayari kumpa mkataba wa filamu tatu. Mtu aliyehangaika kwa zaidi ya miaka kumi angeukumbatia. Yeye akauacha, akachukua pesa alizochuma na kuziweka katika filamu ambayo hakuna studio ingeigusa, nayo ndiyo Sweet Sweetback's Baadasssss Song ya mwaka 1971. Jina hilo, lenye tusi la mtaani lililoandikwa kwa herufi za ziada makusudi, lilikuwa uchokozi wa kwanza, kwa sababu magazeti mengi yaliona haya kulichapa.

Kisa chenyewe ni chepesi. Sweetback, kijana aliyelelewa katika danguro la Los Angeles, anaazimwa na polisi wawili wanaotaka mtu wa kuonekana kama mshukiwa. Njiani polisi hao wanamkamata kijana mwanaharakati na kuanza kumpiga kikatili. Sweetback, ambaye hadi wakati huo hajasema neno, anawageukia na kuwapiga kwa pingu zilizo mkononi mwake, halafu anakimbia. Sehemu kubwa ya filamu iliyosalia ni mbio hizo kuelekea mpaka wa Mexico, na mwisho wake anavuka akiwa hai. Kwa mtazamaji wa leo hilo huenda lisimshtue. Kwa mtazamaji Mweusi wa 1971, aliyezoea kuwaona watu wa rangi yake wakitumikia, wakichekesha au wakifa mapema, kumwona Mweusi aliyewainulia mkono polisi Wazungu na asilipe kwa uhai wake lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulikuta kwenye pazia la sinema. Katika orodha ya waigizaji, mahali pa nyota, pameandikwa kwamba nyota ni jamii ya watu Weusi.

Namna ilivyotengenezwa ni hadithi yenye utamu kuliko filamu yenyewe. Vyama vya wafanyakazi wa filamu wakati huo vilijaa Wazungu, na yeye alitaka walau nusu ya mafundi wake wasiwe Wazungu. Kuajiri nje ya vyama kungeleta ugomvi, lakini alikuwa amegundua kwamba vyama hivyo havikujisumbua na filamu za ngono. Basi akaeneza habari kwamba anatengeneza filamu ya ngono, akaachwa aendelee. Alipiga kwa siku 19. Aliandika, akaongoza, akahariri, akatunga muziki, na kwa kuwa hakumpata mwigizaji wa kumfaa, akaigiza mwenyewe. Fedha zilipokauka, mchekeshaji Bill Cosby alimkopesha dola 50,000 na kutaka arudishiwe mkopo tu bila fungu la faida. Mwenyewe alisimulia pia, bila kuona aibu, kwamba aliambukizwa kisonono katika kupiga onyesho mojawapo, akakidai chama cha waongozaji fidia ya kuumia kazini, akalipwa, na pesa hizo akanunulia mikanda zaidi.

Hakujua kusoma wala kuandika nota. Aliandika namba juu ya vibao vya kinanda ili asisahau sauti alizozibuni, na kazi ya kuzipiga akawapa vijana wa bendi changa ambayo bado haikujulikana, Earth, Wind & Fire. Hakuwa na fedha za matangazo, hivyo santuri ya muziki ilitangulizwa madukani kabla ya filamu, ili watu waizoee na kuitafuta sinema inayotokana nayo. Hilo sasa ni jambo la kawaida. Wakati ule lilikuwa la ajabu.

Kisha ikaja alama ya X, iliyowekwa kwenye filamu ambazo watoto hawakuruhusiwa kuzitazama kabisa, na ambayo kwa msambazaji ilikuwa sawa na hukumu ya kifo. Van Peebles aliichapa alama hiyo kwenye fulana na matangazo, pamoja na maneno yenye maana kwamba filamu yake imepewa X na baraza la mahakama la Wazungu watupu. Ili kuuonja ukali wa maneno hayo, ni lazima kukumbuka kwamba katika mahakama za Marekani hatia huamuliwa na raia walioteuliwa, na kwamba kwa vizazi vingi Weusi walihukumiwa na mabaraza ambayo hayakuwa na Mweusi hata mmoja. Kwa sentensi moja alikuwa amewageuza wakadiriaji wa filamu kuwa washtakiwa, na kukatazwa kukawa sababu ya kununua tiketi.

Kumbi mbili tu katika nchi nzima zilikubali kuianza, moja ya Detroit na nyingine ya Atlanta. Detroit ilifunguliwa tarehe 31 Machi 1971 na rekodi ya ukumbi ikavunjwa. Kutoka hapo ilisambaa mji kwa mji, na ingawa gharama yake ilikuwa kama nusu milioni ya dola, ilikusanya zaidi ya dola milioni 10.

Siyo kila mtu Mweusi aliyeipigia makofi. Huey Newton, kiongozi wa Black Panther, chama cha wanamapinduzi Weusi, alijaza toleo zima la gazeti la chama chake kwa kuisifu na kuichambua, na wanachama wakatakiwa waitazame. Mwanahistoria Lerone Bennett akaijibu katika jarida la Ebony kwamba hakuna taifa lililokombolewa kitandani, na kwamba kulipamba danguro si kuwatetea maskini. Naona Bennett alikuwa na hoja, hasa kuhusu wanawake, ambao katika filamu ile hawana kazi nyingine ila kumtumikia shujaa. Zaidi ya hayo, Van Peebles alimweka mwanawe mdogo, Mario, katika onyesho la mwanzo ambalo halikumfaa mtoto, na hilo hakuna namna ya kulitetea. Uchokozi wake haukuwa na breki, hata pale ulipozihitaji.

Studio kubwa zilijifunza haraka kwamba watazamaji Weusi wana fedha. Mwaka huohuo ikatoka Shaft, mwaka uliofuata Super Fly, na baada yake mlolongo mrefu wa filamu za majambazi na wapelelezi Weusi, nyingi zikitengenezwa kwa fedha za Wazungu. Van Peebles alilalamika kwamba walichukua mavazi, muziki na mbwembwe, wakaiacha siasa. Yeye mwenyewe alihamia jukwaani, na kabla mwaka 1971 haujaisha alikuwa na mchezo wa kuigiza wa muziki Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, kisha mwingine mwaka uliofuata. Mario alikua, akawa mwongozaji, na mwaka 2003 akatengeneza filamu kuhusu jinsi Sweetback ilivyozaliwa, yeye akiigiza nafasi ya baba yake. Mwaka 2020 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Sweetback katika orodha ya filamu za kuhifadhiwa kwa ajili ya taifa. Van Peebles aliishi mpaka akaliona hilo. Alifariki nyumbani kwake New York tarehe 21 Septemba 2021, akiwa na miaka 89.

Katika maisha yake yote, sehemu ambayo wasimulizi huipita haraka ndiyo inayonivutia zaidi. Katikati ya miaka ya 1980, baada ya kushindwa dau na rafiki yake, alikwenda kufanya kazi ya ukarani katika Soko la Hisa la Marekani, jijini New York, akiwa amekaribia umri wa miaka 53. Badala ya kumaliza muda wa dau na kuondoka, alikaa chini akasoma kanuni za soko, akafanya mtihani, akafaulu, akawa dalali Mweusi wa kwanza kuruhusiwa kufanya biashara ndani ya ukumbi ule. Mwaka 1986 akatoa kitabu cha kumweleza mtu wa kawaida jinsi mchezo ule unavyochezwa.