Linux Imekwama Kwenye Nembo? Ondoa Picha Kwanza

Wanaotuletea kompyuta ya Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliyokwama kwenye nembo, kiduara kikizunguka bila kikomo, huwa wameshajipa jibu: diski imekufa, tupige Linux upya. Tusifike huko. Nembo ile ni pazia tu. Huichora programu iitwayo Plymouth, inayotumika Ubuntu tangu toleo la 10.04 la mwaka 2010, ili kuficha maandishi ya mfumo unapowaka. Kilichokwama kinaweza kuwa pazia lenyewe au kilicho nyuma yake.

Bonyeza Esc uone kama maandishi yatatokea. Yakigoma, zima, uwashe tena huku umeshikilia Shift kwenye mashine za BIOS (programu ya zamani ya kuwashia kompyuta), au ukigusagusa Esc kwenye za UEFI (mrithi wake), mpaka ije menyu ya GRUB, programu inayopakia Linux. Bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na linux, futa maneno quiet splash, kisha bonyeza Ctrl+X mfumo uendelee kuwaka. Usiogope: mabadiliko hayo hufutika ukiwasha tena.

Sasa soma mstari wa mwisho. Mara nyingi mfumo unasubiri diski ya nje iliyochomolewa zamani lakini bado imeandikwa kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kufunguliwa mfumo unapowaka. Kwa kawaida huisubiri sekunde 90, halafu hukutupa kwenye hali ya dharura. Plymouth hapo haina kosa lolote.

Kompyuta ikiwaka vizuri bila picha, shuku dreva ya kadi ya picha, hasa NVIDIA. Plymouth huhitaji keneli, yaani kiini cha Linux, iwe imeishika skrini mapema. Dreva ikichelewa, unabaki na weusi. Fungua pia /etc/default/grub, faili la mipangilio ya GRUB. Neno nomodeset, ambalo wengi huliweka siku ya kusakinisha na kulisahau, huizuia keneli kuishika skrini mapema. Dreva sahihi ikiwepo, lifute, kisha endesha amri sudo update-grub.

Na ukibadilisha mandhari ya Plymouth, endesha sudo update-initramfs -u, la sivyo utaendelea kuona ya zamani, kwa kuwa picha husomwa ndani ya initramfs, kifurushi kidogo cha mafaili kinachopakiwa mwanzoni kabisa mwa kuwaka. Fedora, toleo jingine la Linux, hutumia rhgb badala ya splash, na dracut -f kwa kazi hiyo.

Kama diski yako imefungwa kwa LUKS, yaani usimbaji unaodai nenosiri kila unapowasha, skrini nyeusi huenda inakusubiri wewe. Andika nenosiri hata kama huoni kitu, gonga Enter, uipe dakika moja.