Kosa la ufunguo kwenye apt: acheni kuandika trusted=yes

Wiki hii nimeletewa tena kesi ileile. Seva haisasishiki kwa apt (chombo cha Debian na jamaa zake cha kuvuta na kusakinisha programu), mwenye nayo anasema repo, yaani ghala la pakeji inakovuta, "imeharibika". Nikafungua mafaili yaliyo chini ya /etc/apt/sources.list.d na kukuta `[trusted=yes]`, maneno yanayoiambia apt iiamini repo bila kukagua saini yake ya kidijitali, mara tatu, kwenye repo tatu tofauti. Ya kwanza aliiweka mwaka jana alipokutana na NO_PUBKEY (ufunguo wa kukagulia saini haupo): kosa likatoweka, kazi ikaendelea, na tangu hapo kila kosa la saini likawa na dawa hiyohiyo. Nilipomuuliza sababu, akanijibu kama walivyonijibu wengine wote kabla yake: "Lakini hiyo repo iko kwenye HTTPS, kaka. Saini ya nini tena?"

Nimechoka kulijibu swali hili kwenye meseji, mmoja baada ya mwingine. Nalijibu hapa.

Tuanze na kitu ambacho wengi hawajawahi kukitazama. Chukua pakeji yoyote ya Debian, lile faili la .deb, uendeshe `ar t` juu yake. Utaona mistari mitatu: debian-binary, control.tar.xz, data.tar.xz. Basi. Humo hamna saini. Kinachotiwa saini kwenye repo nzima ni faili moja tu, InRelease. Livute kwa curl ulione kwa macho yako. Mstari wa kwanza umeandikwa `-----BEGIN PGP SIGNED MESSAGE-----`, unafuata utambulisho wa distro (mfumo wenyewe wa Linux, kama Debian), tarehe, kisha orodha ndefu ya heshi za SHA256 (alama fupi zinazobadilika faili likiguswa) za mafaili ya Packages, yaani orodha za pakeji. Ndani ya Packages nako kuna heshi ya kila .deb iliyomo kwenye repo. Kwa hiyo saini inathibitisha InRelease, InRelease inathibitisha Packages, Packages inathibitisha .deb. Kiungo cha kwanza kikikatika, minyororo iliyobaki haijafungwa popote. Heshi bado zinalinganishwa, ila zinalinganishwa na orodha ambayo mtu yeyote anaweza kuwa ameiandika. Ndiyo maana mwenye trusted=yes bado anaweza kukutana na "Hash Sum mismatch" akaamini kwamba ukaguzi unaendelea. Hauendelei. Anakagua mizigo kwa hati ambayo hajui imetoka kwa nani.

Kwa watu wa RPM (aina ya pakeji za Fedora, CentOS na wenzao) mambo ni tofauti kidogo: kila pakeji hubeba saini yake, na `gpgcheck=1` ndiyo inayolazimisha ikaguliwe. Ukiandika `gpgcheck=0` umefanya kosa lilelile kwa jina jingine.

Sasa HTTPS, maana hapa ndipo ninapobishana na watu hadi usiku.

HTTPS inakuhakikishia mambo mawili: kwamba unazungumza na seva yenye jina hilo, na kwamba hakuna aliyebadilisha kitu njiani. Kuhusu nani aliyeliweka faili ndani ya seva, haina la kusema. Na seva unayovuta kutoka kwake mara nyingi si ya distro yenyewe. Ni seva ya nakala, inaendeshwa na chuo, kampuni ya intaneti, au mtu aliyejitolea diski na laini yake. Cheti chake ni halali kabisa, kwa sababu jina lile ni lake kweli. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona walijaribu jambo hili: walikodi seva, wakajitambulisha kwa jina la kampuni ya kubuni, wakaomba kuorodheshwa kama seva ya nakala ya distro kadhaa kubwa. Walikubaliwa, na kompyuta za watu zikaanza kuvuta pakeji kutoka kwao. Wao walikuwa watafiti, hawakumdhuru mtu. Lakini seva kama ile ingekuwapo leo ingekuwa na HTTPS safi bila doa, na mtu wangu mwenye trusted=yes angepokea chochote walichotaka kumpa.

Hata seva ikiwa ya wenyewe, inavamiwa. Februari 2016 wavamizi waliingia kwenye tovuti ya Linux Mint wakageuza kiungo cha kupakua toleo la 17.3 Cinnamon, watu wakapewa ISO (faili la kusakinishia mfumo) yenye mlango wa siri ndani yake. Anayekagua heshi kwa kuinakili kutoka ukurasa uleule anaopakulia, anamuuliza mwizi kama mali ni halali. Ufunguo wa saini haupaswi kukaa kwenye seva inayogawa mafaili, na hiyo ndiyo nguvu yake yote: anayeiteka seva ya kugawa hapati uwezo wa kutia saini.

Na tusisahau pakeji ni nini. Pakeji si faili la picha. Ndani ya control.tar.xz huwa kuna skripti kama postinst, na apt inaziendesha kama root, yaani kwa mamlaka yote ya mashine, bila kukuuliza. Kukubali pakeji isiyothibitishwa ni kumpa mtu usiyemjua taminali ya root kwa dakika nzima.

Lakini sitaki kuonekana kama ninaidharau HTTPS, kwa sababu wanaoitetea wana hoja moja nzito na sisi watu wa saini huwa tunaikwepa. Januari 2019 liligundulika tundu ndani ya apt yenyewe, CVE-2019-3462. Seva inapoielekeza apt kwenye anwani nyingine, aliyeko katikati ya njia aliweza kupenyeza maneno ndani ya jibu, apt ikaamini kwamba faili limekwisha kukaguliwa na heshi yake ni sawa. Saini ilikuwapo, mnyororo ulikuwapo, na bado ulirukwa. Kwa aliyekuwa kwenye HTTP tupu ilikuwa hatari kubwa, na kwa aliyekuwa kwenye HTTPS mshambuliaji wa njiani alizuiwa mlangoni. Debian ilibidi iwashauri watu wazime uelekezaji hata wakati wa kuvuta sasisho la kuziba tundu hilo. Kwa hiyo mimi natumia vyote viwili. Ninachokataa ni kimoja kufanywa badala ya kingine.

Jambo la pili linaloniudhi: watu huona herufi za GPG (programu ya saini na funguo) wakafikiri makosa yote ya saini ni kosa moja. Siyo. Someni mstari wenyewe, apt imewaandikia.

NO_PUBKEY maana yake ufunguo huna. EXPKEYSIG maana yake unao, ila muda wake umekwisha; mara nyingi mwenyewe alishaurefusha na wewe una nakala ya zamani. BADSIG ni nzito zaidi: ufunguo upo, lakini maandishi na saini havilingani. Inaweza kuwa proksi iliyohifadhi faili nusu la jana na nusu la leo, inaweza kuwa kitu kibaya kuliko hicho. Hapo unasimama na kuchunguza kabla ya kugusa kitu. "Is not valid yet (invalid for another 5h…)" haihusu ufunguo hata kidogo, ni saa ya kompyuta yako iliyo nyuma. Iangalie kwa `timedatectl`. Raspberry Pi 4 haina saa ya betri, ikiwashwa bila mtandao huwa hivyo, na mashine pepe iliyoamshwa kutoka usingizini pia.

Halafu kuna ile ninayoipenda: "Clearsigned file isn't valid, got 'NOSPLIT' (does the network require authentication?)". Soma hayo maneno ya kwenye mabano. Apt inakuuliza kama mtandao unataka uingie kwanza! Uko kwenye waifai yenye ukurasa wa kuingilia, apt imeomba InRelease, na waifai imeirudishia ukurasa wa kuandika nywila. Ukiivuta kwa curl, pale palipotakiwa kuwa na BEGIN PGP utaona `<!DOCTYPE html>`. Nimeona mtu akihangaika na funguo saa mbili kwa kosa hili. Fungua kivinjari, ingia, rudi.

Sasa dawa ya NO_PUBKEY. Msiniletee tena `apt-key`, amri ya zamani ya kuongeza funguo. Ufunguo ulioingizwa kwa apt-key ulikwenda kwenye rundo moja, na kila ufunguo wa rundo hilo uliruhusiwa kutia saini repo yoyote ile. Ukiongeza ufunguo wa mtu anayegawa programu moja ndogo ya muziki, umemruhusu pia kuthibitisha repo inayokuletea kerneli, kiini cha mfumo wenyewe. Siku hizi unaweka ufunguo kwenye /etc/apt/keyrings, kisha kwenye mstari wa repo ile tu unaandika `signed-by=` na njia ya faili hilo. Kila ufunguo na repo yake.

Kabla ya kuuweka, endesha `gpg --show-keys --with-fingerprint` juu ya faili hilo, ulinganishe alama nzima ya ufunguo (fingerprint), herufi na tarakimu zote 40. Zile nane za mwisho hazitoshi. Vitambulisho vifupi vya namna hiyo vinaweza kughushiwa, na zimewahi kupandishwa kwenye seva za funguo funguo bandia zenye tarakimu nane sawasawa na za watu halisi.

Je, unalinganisha na nini? Hapa ndipo mimi mwenyewe sina raha. Aprili 2025 distro ya Kali ilitangaza kwamba imepoteza uwezo wa kuutumia ufunguo wake wa repo na imetengeneza mpya. Hapakuwa na uvamizi. Lakini kila mtumiaji wa Kali alitakiwa kwenda mwenyewe kuuvuta ufunguo mpya, na kwa wengi uthibitisho pekee ulikuwa tovuti ya Kali, kwa HTTPS! Yaani ile HTTPS niliyosema haitoshi ndiyo iliyobeba ufunguo wa kwanza. Sina jibu safi. Ninachofanya ni kutafuta alama nzima mahali pasipo na mwenye mmoja: tangazo la distro, pakeji ya funguo iliyomo kwenye distro nyingine niliyokwisha kuiamini, mashine yangu ya zamani. Zikilingana zote, naendelea. Tofauti ni kwamba imani hiyo unaitoa mara moja, macho yakiwa wazi. Anayeandika trusted=yes anaitoa kila siku, na hajui anampa nani.

Na signed-by yenyewe isisifiwe kupita kiasi. Inazuia ufunguo wa repo moja kutumika kwenye nyingine. Haiizuii pakeji ya repo hiyo, ikishasakinishwa kama root, kudondosha ufunguo wake ndani ya /etc/apt/trusted.gpg.d au kubadilisha faili lolote lile. Naitumia kila siku, lakini repo ya nje naendelea kuifikiria mara mbili, na nikiiongeza naibana kwa faili la preferences ili isije ikanibadilishia pakeji za distro.

Zimebaki repo zilizokufa, nazo ni kisingizio kikubwa cha kuzima ukaguzi. CentOS 7 ilifikia mwisho tarehe 30 Juni 2024, mirrorlist.centos.org ikaacha kujibu, na pakeji zikabaki kwenye hifadhi ya matoleo ya zamani, vault.centos.org. Mafundisho mengi yanayoelekeza kwenda vault yanaongeza `gpgcheck=0`. Ya nini? Pakeji ni zilezile, saini ni zilezile, ufunguo umo kwenye diski yako chini ya /etc/pki/rpm-gpg. Badilisha anwani, acha ukaguzi. Kwa Debian ya zamani iliyohamia archive.debian.org, kinachokwama mara nyingi ni Valid-Until (tarehe ya mwisho ya InRelease) iliyopita, na dawa yake ni `[check-valid-until=no]` kwenye mstari huohuo. Hiyo inasema tu "usiniulize umri". Saini bado inakaguliwa.

Ila ukirudi nyuma zaidi unakuta funguo zenyewe zimekwisha muda, apt inazikataa, na hakuna atakayezirefusha. Hapo nimewahi kutumia trusted=yes mwenyewe, ndani ya kontena (mazingira yaliyotengwa ndani ya kompyuta) la kutupwa, lisilo na siri wala njia ya kutoka nje, ili kujenga upya programu moja ya zamani. Sikuwa na amani nayo, na kontena nililifuta siku hiyohiyo.

Kwa hiyo leo, kabla hujalala, endesha hii kwenye kila mashine unayoitunza:

`grep -rniE "trusted[=:] *yes|AllowUnauthenticated|AllowInsecure" /etc/apt`

na kwa upande wa RPM:

`grep -rnE "gpgcheck *= *0" /etc/yum.repos.d /etc/dnf /etc/yum.conf`

Usishtuke `repo_gpgcheck=0` ikijitokeza, hiyo ni ya saini ya orodha ya repo; tazama mistari ya gpgcheck yenyewe.

Yule bwana wa wiki hii aliniuliza swali la mwisho: akishafuta mistari mitatu, pakeji zilizoingia mwaka mzima zikoje? Nilimwambia ukweli. `debsums` italinganisha mafaili na heshi zilizokuja ndani ya pakeji hizohizo, kwa hiyo haiwezi kuzitolea ushahidi. Kusakinisha upya kutoka repo iliyothibitishwa kunarudisha mafaili ya pakeji, hakufuti kilichodondoshwa na postinst pembeni. Yawezekana kabisa hakuna kilichotokea. Lakini seva ile ina data za wateja, nikamshauri aijenge upya kutoka mwanzo. Ameanza jana.