Ukungu Ukutani: Maswali Yanayokuja na Masika

Mvua za masika zikishakolea hapa Dar es Salaam, maswali ninayoulizwa hubadilika. Machi watu huuliza habari za mbu na kuhara. Ikifika mwisho wa Aprili wanaanza kuulizia ukungu unaoota kwenye kuta zao, na mara nyingi swali lenyewe huja limejificha ndani ya swali jingine: mtoto anakohoa usiku tu, mafua hayaishi, viatu vya ngozi vimeota manyoya kabatini. Mimi ni afisa afya, si daktari, ingawa mtaani ukishaonekana na daftari la afya mkononi basi wewe ni daktari. Haya ndiyo yanayorudi kila mwaka.

Shikamoo daktari. Nyuma ya kabati la nguo kuna madoa meusi. Mume wangu anasema ni uchafu tu wa kabati. Nitajuaje?

Marahaba. Anza na pua kabla ya macho. Funga madirisha, toka nje ukae kama dakika kumi, halafu ingia. Anayelala humo haisikii tena ile harufu, pua imeshaizoea. Ukungu hunuka kama nguo mbichi zilizosahaulika kwenye beseni tangu jana.

Kisha chukua Jik kidogo, izimue kwa maji, udondoshee tone moja juu ya doa na usubiri dakika chache. Doa likififia, uwezekano mkubwa ni ukungu, au koga kama wanavyouita wengine. Likibaki vilevile, huenda ni masizi au vumbi.

Usiuchanganye na ule unga mweupe unaochomoza chini ya ukuta, karibu na sakafu, ukabandua rangi vipande vipande. Hiyo ni chumvi iliyobebwa na maji kutoka kwenye tofali, mchanga au udongo. Ukiilowesha inayeyuka. Ukungu hauyeyuki, unapakaa tu. Chumvi yenyewe haina neno kwa mapafu yako, lakini inakuonyesha kwamba maji yanapanda ukutani, na palipo na maji ukungu hauko mbali.

Kwetu tunadeki asubuhi na jioni. Ukungu unatoka wapi na sisi ni wasafi?

Swali hili huulizwa kwa aibu, na hakuna cha kuonea aibu. Vimbegu vya ukungu viko hewani kila mahali, Masaki na Manzese sawasawa. Huingia dirishani, huingia na nguo, hukaa bila kumsumbua mtu mpaka vipate maji. Chakula havikosi: vumbi, rangi, mbao, maboksi, ngozi, pamba. Kitu kilicholowa kisipokauka ndani ya siku moja hadi mbili, ukungu unaweza kuanza kuota. Kwa hiyo cha kujiuliza ni maji yanatoka wapi. Tena huko kudeki mara mbili kwa maji mengi, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, kunaweza kuwa sehemu ya tatizo.

Maji yana njia tatu. Yanayotoka juu huacha alama ya duara ya rangi ya chai kwenye dari, au mchirizi unaoshuka toka kwenye mkanda wa zege juu ya ukuta. Hapo tafuta msumari wa bati uliolegea, bati lililotoboka, au gata lililoziba kwa majani ya mwembe. Yanayotoka chini huanzia sakafuni na kupanda, kwa kawaida hayavuki kimo cha kiuno. Nyumba nyingi zimejengwa bila nailoni kati ya msingi na ukuta, na tofali hunyonya maji ya ardhini kama utambi wa koroboi. Bondeni, Jangwani na Kigogo kwa mfano, hili ni la kawaida kabisa. Njia ya tatu ni sisi wenyewe: sufuria la maharage linalochemka chumbani, maji ya moto bafuni, nguo zilizoanikwa kwenye kamba ndani kwa kuwa nje hakuna jua, watu watano wanaolala chumba kimoja chenye dirisha moja. Mvuke huo hutafuta ukuta wenye ubaridi usiopata hewa, na ukuta huo ndio ule uliokandamizwa na kabati.

Huna haja ya kubahatisha. Kata kipande cha nailoni ngumu, ukubwa wa sahani, kibandike kwa selotepu pande zote nne juu ya sehemu kavu kiasi ya ukuta huo, ukiache siku mbili. Ukikibandua ukakuta matone upande uliogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Matone yakiwa upande wa chumbani, ni mvuke wenu. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na kimeshaokoa watu wengi ninaowafahamu wasinunue rangi isiyo na kazi.

Mwanangu ana miaka minne, anakohoa usiku na kupiga chafya asubuhi. Ni ukungu?

Inawezekana. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2009 kuhusu unyevu na ukungu majumbani, na ujumbe wake ni wazi: wanaoishi kwenye nyumba zenye unyevu hupata zaidi matatizo ya njia ya hewa, mzio na pumu. Dalili ni kupiga chafya, pua kuziba, macho kuwasha, kikohozi kikavu, kifua kubana na kutoa mlio. Kinachosaidia kutambua ni mwenendo wake. Je, akilala kwa bibi yake Kibaha siku tatu anapata nafuu, akirudi inaanza tena? Liandike hilo uende nalo kituo cha afya.

Lakini usiutibu ukuta ukamsahau mtoto. Kikohozi kilichofika wiki mbili, kwa mkubwa au mdogo, kinahitaji kupimwa kifua kikuu, na vituo vya serikali hupima na kutibu bure. Mtoto anayepumua haraka haraka, au kifua kinabonyea ndani anapovuta hewa, au ameshindwa kunywa, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha.

Kuna kundi jingine ambalo halisemwi sana: waliowahi kuugua kifua kikuu wakapona. Ugonjwa ule unaweza kuacha mashimo kwenye mapafu, na ukungu aina ya Aspergillus huweza kujenga humo. Mtu anaanza kukohoa tena, anakonda, pengine anatoa damu, kila mtu anasema TB imerudi, vipimo vinasema haipo. Ukiwa na historia hiyo, mwambie daktari mapema. Wenye kinga dhaifu, kwa mfano wanaotumia dawa za saratani, nao wasilale chumba chenye ukungu wala wasiusafishe wenyewe.

Nimesikia ukungu mweusi ndio wenye sumu, wa kijani hauna shida.

Rangi haikuambii hatari. Wowote unaouona, uondoe.

Mapunye ya kichwani kwa watoto yanatokana na ukuta?

Hapana. Mapunye ni fangasi wa ngozi, huambukizwa kwa kugusana, kuchangia chanuo, taulo au mashine ya kunyolea, na wakati mwingine kutoka kwa paka au mbwa. Neno fangasi ndilo linalowachanganya watu.

Na unga ulioota ukungu kwenye ndoo? Si nikiupepeta unafaa?

Haufai. Sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na ukungu kwenye nafaka, haiondoki kwa kupepeta unga wala kwa kupika ugali. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara, waliokula mahindi yaliyochafuliwa. Tupa, na ndoo ioshwe na kuanikwa juani.

Nausafishaje mwenyewe?

Kama eneo halizidi mita moja ya mraba, yaani zaidi kidogo ya nusu ya mlango wa chumba, fanya mwenyewe. Likizidi hapo, au maji ya choo yamehusika, tafuta watu wenye vifaa. Watoto na mwenye pumu watoke kwanza, siyo wahamie sebuleni. Fungua madirisha. Vaa glovu na barakoa inayobana vizuri, N95 ukiipata. Kufunga khanga puani hakuzuii vimbegu.

Usianze kwa ufagio mkavu. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila nyumba: mtu anakwangua ukuta mkavu, chumba kizima kinajaa vimbegu, jioni analalamika kifua. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, sugua kwa brashi, futa kwa tambara utakalolitupa. Sabuni na nguvu za mkono ndizo zinazofanya kazi kubwa. Ukitaka kuongeza Jik juu ya marumaru au ukuta wenye rangi ya mafuta, kikombe kimoja cha chai kwenye lita nne za maji kinatosha. Usiichanganye kamwe na siki, na dawa ya choo yenye asidi, wala na kitu chenye amonia. Hutoa hewa ya sumu, na bafu zetu ni ndogo. Ukimaliza, kausha kwa feni mpaka ukuta ushikike mkavu.

Godoro la sponji lililolowa maji ya mafuriko najua bei yake, lakini haliokoki. Jua hukausha juu, ndani linabaki bichi.

Mama anafukiza udi kila jioni kuondoa harufu. Inasaidia?

Udi unanukia, nami naupenda, lakini hauui ukungu. Kwa mwenye pumu moshi wa chetezo unamzidishia. La hatari zaidi ni wanaoingiza jiko la mkaa chumbani ili kukausha ukuta usiku. Mkaa hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, na familia nzima inaweza kulala isiamke. Heri ukuta mbichi.

Kiyoyozi husaidia kukausha hewa, mradi bomba lake la kutolea maji halijaziba na chujio linaoshwa. Kilichoziba huvujia ukutani na kuanzisha ukungu mpya.

Nimepanga Sinza. Mwenye nyumba alipaka rangi Januari, Mei madoa yamerudi. Anasema ni sisi hatufungui madirisha. Nimeshalipa kodi ya miezi sita.

Dada aliyeniuliza hili alikuwa tayari kwenda serikali ya mtaa kushtaki. Nilimwambia abandike nailoni kwanza, apige picha kila wiki, na akamwite mama mwenye nyumba aje aone kwa macho yake, kwa heshima, bila kurudia habari za Januari. Matone yalikuwa upande wa ukuta. Wakazunguka nje wote wawili: palepale nyuma ya kitanda chake, uchochoroni, wapangaji wote walikuwa wakimwaga maji ya kufulia, na udongo ulikuwa umepanda juu ya msingi hadi kufikia lipu.

Fundi alichimba ule udongo ukashuka, akaweka kijifereji cha saruji kuelekea barabarani. Ilikuwa kazi ya siku moja, na bei yake ilikuwa chini ya ile ya ndoo mbili za rangi. Kitanda kimesogezwa shibiri moja toka ukutani. Rangi wamekubaliana isubiri hadi Julai, kipupwe kikiukausha ukuta.