Saa za mashine ni nini kwenye ratiba ya hadubini ya elektroni?

Hadubini ya elektroni inayotumiwa na watu wengi huwa na kalenda, na kwenye kalenda hiyo kuna vipindi ambavyo mtumiaji hawezi kuvichukua hata kama haonekani mtu amekaa mbele ya skrini. Hizo ndizo saa za mashine. Mgeni akiziona hudhani ni nafasi tupu, akaziomba. Si tupu hata kidogo: ndizo saa za kuitunza mashine yenyewe.

Chukua ile aina ambayo elektroni hupenya sampuli nyembamba. Karibu na sampuli kuna kipande cha metali kinachopozwa kwa naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ili mvuke wa maji na uchafu wa mafuta ugande hapo badala ya kutua kwenye sampuli. Asubuhi chupa ya naitrojeni hujazwa, husubiriwa itulie kuchemka, kisha huongezwa tena. Kutwa nzima kipande kile kinakusanya uchafu. Kwa hiyo jioni kishikio cha sampuli hutolewa, vali za nguzo (bomba ambamo elektroni hupita) hufungwa, chupa huondolewa, na pampu ya tabo (turbo) huachwa saa kadhaa ivute kila kinachoachia kadiri kipande kinavyopata joto. Ukiiruka kazi hiyo, mzigo wote unaiangukia pampu ya ioni, ambayo haikuundwa kumeza gesi nyingi. Ombwe, yaani ile hali ya kutokuwa na hewa ndani ya mashine, linaharibika, vali zinagoma kufunguka, na mwenye zamu ya asubuhi anapoteza siku. Ndiyo maana anayemaliza saa 6 usiku hawezi kupokewa na mwingine saa 12 alfajiri.

Kwenye hadubini ya kuchanganua uso wa sampuli, kinachokula saa ni uzi wa tungsteni, unaopashwa moto ili utoe elektroni. Hudumu takriban saa 40 hadi 100 za kuwaka. Fuwele ya lanthanamu heksaboridi, inayotumika badala ya uzi huo, hufika kama saa 1,000. Kuubadilisha uzi si kufungua na kufunga tu: bunduki, yaani sehemu inayorusha elektroni, ipoe, kofia yake isafishwe masizi, uzi mpya uwekwe katikati kabisa ya tundu la kofia, ombwe livutwe, miale ipangwe upya.

Bunduki ya Schottky, aina nyingine ya bunduki ya elektroni, yenyewe haizimwi, huwaka usiku na mchana. Betri ya akiba ikishindwa umeme unapokatika na ombwe la bunduki likapotea, huenda ikabidi iokwe kwa joto, na hapo hesabu ni ya siku, si saa.

Daftari la mashine ndilo linaloonyesha saa hizi ziwekwe lini. Uzi wa tungsteni hukonda kadiri unavyowaka, hivyo hufikia kilele cha mwanga kwa mkondo wa umeme mdogo kuliko mwanzo. Msimamizi akiona tarakimu hiyo inashuka wiki hadi wiki, afunge Ijumaa mchana kwenye kalenda na kuubadilisha, asisubiri ukatike Jumanne sampuli ya mtu ikiwa ndani.